"Baridi," Alisema Bwana Kheri

Hotuba kwa walimu tarajali, Moshi

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, walimu tarajali, na wazee mliojitokeza: wakubwa shikamooni, na ninyi vijana mliokwisha kufungua vinywa, marahaba. Itifaki imezingatiwa. Sitataja vyeo, kwa sababu nimepewa dakika arobaini na hafla zetu nazijua.

Nimeombwa nizungumzie vyanzo vya maarifa. Mnavyo vingi kwenye madaftari yenu: kuona, kupima, kufanya jaribio, kukokotoa. Mimi nitashughulika na kimoja tu, kile tunachokipita mbiombio kana kwamba kinatia aibu. Kuambiwa.

Nianze kwa kukiri kosa, kama ni kosa. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo chini ya mlima huu wa Kilimanjaro ambao asubuhi ya leo umejifunika. Nimechora Kibo, kilele chake, ubaoni mara zisizo na idadi, nikaandika pembeni mita 5,895, nikaeleza barafu inavyojengeka tabaka juu ya tabaka. Kileleni sijafika. Nilipanda mara moja na wanafunzi, goti likakataa pale kambi ya Mandara, nikashuka taratibu nikishikwa mkono na mpishi. Kwa hiyo mita 5,895 sikuzipima, na barafu sikuigusa. Wanafunzi waliniamini mimi, mimi nilikiamini kitabu, mwandishi wa kitabu aliwaamini wapimaji, na wapimaji waliviamini vyombo vilivyoundwa na watu wasiowajua.

Wala si mlima tu. Mimi nilizaliwa nyumbani, cheti hakuna. Nilipotaka kuajiriwa, mjomba alikwenda kula kiapo mahakamani kwamba nimezaliwa mwezi fulani, mwaka fulani. Siku niliyozaliwa mjomba hakuwapo. Alikuwa Arusha akitafuta ng'ombe. Aliambiwa na mama. Mama naye hakuwa na kalenda, alikumbuka tu kwamba kahawa ilikuwa inachumwa. Karatasi ile ikapigwa muhuri, ikaingia kwenye jalada, na miaka mingi baadaye Serikali ya Jamhuri ya Muungano ikanistaafisha kwa neno la mama yangu kuhusu kahawa.

Vijana wana msemo siku hizi: akili za kuambiwa, changanya na zako. Ni msemo mzuri, na mwalimu anayeuogopa hafai. Lakini umewahi kukaa ukazitenga hizo "zako" peke yake? Mimi nimejaribu, usiku mmoja umeme ulipokatika. Nikaanza kuhesabu mambo ninayoyajua bila kuambiwa na mtu. Najua chai ya nyumbani kwangu ina tangawizi. Najua goti langu huuma mvua ikikaribia. Najua jirani yangu ana jogoo asiyejua saa. Nikafika kumi na kitu, nikakwama. Halafu nikagundua kwamba hata tangawizi kuitwa tangawizi niliambiwa.

Thomas Reid, Mskoti, aliliona hilo mwaka 1764. Alisema mtoto huamini kwanza, kuhoji huja baadaye. Angesubiri kuhakiki kila neno asingejifunza hata kuongea. Mskoti mwenzake, David Hume, alikuwa ameandika kinyume miaka kumi na sita kabla: kwamba tunayaamini maneno ya watu kwa kuwa tumezoea kuona yakilingana na mambo yalivyo, na pale mazoea yanapotuonyesha vingine, tuwe wagumu. Wanafalsafa wanawagombania hawa wawili hadi leo. Naona Reid alimjua mtoto na Hume alimjua hakimu, na mwalimu anaishi katikati yao. Tuwaache hapo, tupande mlimani.

Tarehe 27 Aprili 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kuja nchi waliyoiita Jagga, yaani huku kwetu Uchagani. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya bara, pamoja na wapagazi wachache. Habari za mlima alikuwa amekwisha kuzisikia pwani: kwamba una fedha na dhahabu juu, kwamba una mapepo, kwamba wengi waliojaribu kuupanda wamekufa. Alizisikia kama sisi tunavyosikia hadithi za jioni, mkono mmoja ukiwa kwenye sahani.

Tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi (kwa kukisia, maana anasema mwenyewe hakuwa na saa), akaona weupe wa ajabu juu ya mlima mrefu. Akadhani ni wingu. Akamuuliza Bwana Kheri, naye akakubali kuwa ni wingu. Wakaenda hatua chache, Rebmann hakutulia, akauliza tena. Bwana Kheri akajibu: pale pana wingu, lakini ule weupe sijui ni nini, nadhani ni baridi.

Sasa sikieni Rebmann alivyoandika juu ya dakika ile. Anasema jibu hilo la pili alilisikiliza kwa shida, kwa sababu tayari moyoni alikuwa amemtambua mgeni wake wa zamani kutoka Ulaya: theluji.

Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila mara macho yangu husimama kwenye jibu lililopita pembeni ya sikio. Lilikuwa jibu zuri mno! Bwana Kheri alitenga vitu viwili ambavyo dakika chache kabla alivichanganya: hili wingu, lile silo. Alisahihisha neno lake mwenyewe bila kuona haya. Asichokijua alisema hakijui. Kisha akakisia, na akasema kwamba anakisia. Na makisio yenyewe yalikuwa ya kweli, kwani theluji ni nini kama si baridi iliyokaa mahali pamoja hadi ikaonekana? Mwanafunzi akinijibu hivyo kwenye mtihani nampa alama zote. Lakini sifa ilimwendea Rebmann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya mlima huu, na jibu la Bwana Kheri likabaki kichekesho kidogo ndani ya shajara: eti kiongozi wake aliiita theluji "baridi".

Haki ya Rebmann nimpe. Hapohapo alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: alizirudia zile hadithi za pwani, akazisikiliza upya. Fedha ni ule weupe unaong'aa. Mapepo yanayoua ni baridi kali kwa watu waliovaa nguo nyepesi. Katika safari yake ya pili alifika Machame, akapata habari za mtawala wa zamani aliyeitwa Rungua, ambaye aliwapeleka watu wengi juu wakachunguze kile kitu cheupe, akitumaini ni fedha. Alirudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibika. Watu walisema ni mapepo. Waliomwona Sabaya walisema kweli tupu kuhusu walichokiona. Sababu yake ndiyo waliikosea. Mtu akikuletea ushahidi uliochanganyika na maelezo yasiyofaa, usimwage vyote viwili. Pepeta. Makapi huondoka na upepo, mchele hubaki kwenye ungo.

London hawakupepeta. Habari hizi zilichapishwa huko mwaka 1849, zikamkuta William Desborough Cooley, msomi kwelikweli, aliyeandika jiografia ya Afrika akiwa mezani kwake. Akazikataa. Theluji pale, karibu hivyo na ikweta? Akayashika maneno ya Rebmann kuhusu kutambua moyoni, akasema naam, ulikuwa utambuzi wa moyo, macho hayakuhusika. Uoni wa Rebmann wenyewe ukatiliwa shaka. Mwezi Desemba mwaka huohuo mmisionari mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Kitui, baada ya kusimuliwa habari zake na Kivoi, mkuu wa Wakamba. Naye akatiwa kapu lilelile. Mwaka 1852 Cooley alitoa kitabu na bado alikuwa anakataa.

Mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, aliandika kisa kimoja mwaka 1690 ambacho kinanisaidia hapa. Balozi wa Uholanzi alikuwa akimsimulia mfalme wa Siam, Thailand ya leo, habari za kwao. Akamwambia kwamba wakati wa baridi maji huwa magumu, watu wakatembea juu yake, na hata tembo yangemhimili kama angekuwako. Mfalme akamjibu: mpaka leo nimekuamini mambo yote ya ajabu uliyoniambia, maana nilikuona mtu mtulivu na mkweli, sasa nina hakika unasema uongo.

Wanafunzi wangu humcheka mfalme, nami huwakataza. Mfalme alitumia kila alichokuwa nacho. Katika maisha yake yote maji hayajawahi kugoma kumwagika. Na hakuwa na mtu wa pili wa kumuuliza. Cooley alikuwa na Rebmann, akawa na Krapf, milima miwili, watu wawili, safari tofauti, na nyuma yao hadithi za pwani, na nyuma ya hadithi hizo mtu aliyeharibika mikono na miguu. Alikuwa na nafasi ya kusema "sijui" na akaiacha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Cooley hakuwa mtu asiyeamini maneno ya watu. Jiografia yake yote ilikuwa ya kuambiwa! Miaka ya 1830 alikutana London na Mswahili, Khamis bin Uthman, akamhoji juu ya bara na ziwa kubwa lililoko huko, na maneno hayo akayatumia katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1845. Maneno ya Mswahili mmoja aliyemkuta mjini kwake yalimtosha. Alichokikataa ni kuambiwa jambo lisilopatana na aliyokwisha kuandika. Mtalijua hili mkishakaa kazini miaka ishirini: unadhani unampima msemaji, kumbe unamlinda wewe wa jana.

Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia huko huko. Cooley hakulegeza. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Wakati huo Rebmann alikuwa amekwisha kufa. Alikaa Rabai hadi akawa kipofu, akarudi kwao mwaka 1875, akafariki mwaka uliofuata. Yale macho yaliyotiliwa shaka London mwishowe yalizimika kweli, lakini kazi yao yalikuwa yameimaliza zamani.

Sasa msitoke hapa mkidhani nawafundisha kwamba msafiri husema kweli na mkaa kitini hukosea. Rebmann huyohuyo, pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, alianguka upande wa pili wa barabara.

Erhardt alikaa Tanga kwa muda akiwahoji watu wa misafara. Wanaokwenda bara kutokea Tanga walimwambia: mwisho wa njia yetu kuna maji makubwa. Wanaopita Ugogo na Unyamwezi wakasema mwisho wa njia yao ni maji makubwa, Ujiji. Na habari za njia ya Kilwa ni hizohizo: maji makubwa, Nyasa. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Wamisionari wakashika kalamu, wakaunganisha nukta: kama kila njia inaishia majini, basi maji ni mamoja. Ramani waliyoitoa mwaka 1855 ina ziwa moja la kutisha, limejinyoosha katikati ya nchi kama konokono aliyeacha gamba lake. London wengine walicheka, lakini ramani hiyo ni moja ya sababu zilizofanya wasafiri Waingereza, Richard Burton na John Speke, watumwe kuja kutazama.

Novemba 1857 wawili hao wakafika Kazeh, palepale Tabora ya leo. Walimkuta Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyelowea huko. Speke akamfungulia ramani ya konokono. Nyasa iko wapi? Sheikh akasema Nyasa ni ziwa jingine, liko kusini, si hili la Ujiji. Na Ukerewe maana yake nini? Hilo nalo ni jingine, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji. Konokono akakatika vipande vitatu kwa mazungumzo tu, kabla Mzungu hajalowesha kiatu.

Huwa nawauliza wanafunzi: kwa nini Sheikh Snay aliweza kilichowashinda watu wa Tanga? Wengi hujibu kwamba alikuwa mkweli zaidi. La hasha. Watu wa Tanga walikuwa wakweli vilevile. Tofauti ni mahali aliposimama. Kila mtu wa msafara aliijua njia yake hadi mwisho wake. Sheikh alikaa njia panda, penye msafara wa Ujiji na msafara wa Karagwe, akawa anasikia kutoka pande zote kwa miaka. Halafu Speke alimuuliza vizuri: alimwekea mbele jibu la watu wengine na akampa nafasi ya kulikataa. Msemaji ni yuleyule hata akiulizwa vibaya, ila utatoka kwake na kitu kingine kabisa.

Na maneno hayo yalisafiri kwa taabu. Speke hakuwa na Kiswahili cha maana. Aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, ambaye utumwa ulimfikisha India akajifunza lugha hiyo. Bombay akaongea Kiswahili na watu wa njiani. Huko vijijini, kwa lugha za wenyeji, mtu wa tatu aliingia. Mlolongo mrefu hivyo, na bado tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama karibu na Mwanza, mbele ya maji ya kaskazini aliyotajiwa Kazeh, Ziwa Victoria la leo. Akasema hiki ndicho chanzo cha Nile. Burton, aliyebaki Kazeh akiumwa, hakumwamini. Hoja alikuwa nayo, kwa kuwa Speke hakuwa ameuona mto ukitoka ziwani. Lakini baadaye ugomvi wao uliingia humo, na ukisoma maandishi ya Burton ya miaka ile hujui ni wapi anapima hoja na ni wapi anamkomoa mtu. Ziwa lilibaki kwenye mabishano hadi msafiri Henry Morton Stanley alipolizunguka mwaka 1875.

Kwa hiyo mnauliza: Mwalimu, tumwamini nani? Sina fomula, lakini wenzetu waliosoma elimu ya Hadithi, yaani mapokeo ya Mtume Muhammad, na hapa wamo, wana maswali mazuri kuliko yote niliyoyakuta kwenye vitabu vya mbinu za utafiti. Wanamchunguza kila mpokezi kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza uadilifu: je, ni mtu mkweli? La pili dhabti: je, anahifadhi sawasawa alichokisikia? Na wanauliza pia kama kweli alikutana na yule anayesema amepokea kwake. Sisi huku mashuleni tunauliza la kwanza tu, tena kwa kumtazama mtu suti. Ilhali mtu mwema, mcha Mungu, anaweza kuwa na kumbukumbu ya kuku, na mpiga soga wa kilabuni anaweza kuwa na jicho la mwewe. Mimi kwa sababu ya Kazeh naongeza jambo moja: alisimama wapi?

Lugha yetu inasaidia na inaponza. Inasaidia kwa "eti". Neno dogo hilo, lakini mtu akilisema amekuambia wazi kwamba mzigo huu ni wa mwingine, yeye ni mpagazi tu. Inaponza kwa "inasemekana". Nani amesema? Kitenzi kimemmeza. Darasani kwangu kila "inasemekana" iligharimu alama moja. Kijana mmoja, mjanja, aliniandikia: "Inasemekana na bibi yangu mzaa baba, aliyekuwepo daraja lilipobomoka, akiwa ng'ambo ya mto..." Alama yake nilimrudishia na nyongeza nikampa. Amekuwa wakili, sishangai. Na siku hizi kuna ndugu yake "inasemekana", anaishi kwenye simu zenu: "kama ilivyopokelewa". Imepokelewa kwa nani? Huo ni mlolongo uliokatwa kichwa, na aliyekutumia ananawa mikono huku akikupa ule.

Nirudi mlimani, maana kuna jambo linalosemwa hapa mjini nisilotaka mliondokee. Barafu ya Kilimanjaro imepimwa. Ukilinganisha eneo lililofunikwa mwaka 1912 na lile la mwaka 2007, asilimia 85 hivi imekwisha. Mwaka 2002 wataalamu waliandika kwamba hali ikiendelea vilevile, iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita, na mawingu yakifunguka jioni mtaiona imekaa. Basi nasikia watu stendi: mnaona, wataalamu waongo. Ndugu zangu, huyo ni konokono amerudi. Waliopima walisimama kwenye barafu, hao ni watu wa misafara. Mwaka wa kutoweka ni mstari uliochorwa kuunganisha nukta, tena na neno "ikiendelea" limewekwa mbele yake. Mstari umekosea. Nukta zipo palepale. Anayezitupa nukta kwa sababu mstari ulipinda ni Cooley, hata kama amevaa kofia ya kondakta.

Dakika zangu zinakwisha, mwenyekiti ananitazama. Nimalizie na mtu niliyemkosea mimi mwenyewe.

Nilikuwa na jirani, mzee sasa, aliyekuwa mgumu. Kwa wageni: wagumu ni wapagazi wa mlimani. Alibeba mizigo ya watalii tangu ujana wake. Jioni tulikutana kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na alikuwa na maneno mengi. Alisema aliwahi kumbeba Mzungu mgongoni kutoka kambi ya Kibo hadi kambi ya Horombo huku akiimba njia nzima. Alisema kule juu barafu inaunguza. Ukiishika bila glavu, anasema, inakuunguza kama kaa la moto. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilifanya vibaya zaidi, nilimsahihisha. Mbele ya wote, mwalimu wa jiografia: barafu haiunguzi, mzee, barafu inagandisha. Akanyamaza, akapitisha kata kwa mwingine.

Miaka ikapita. Nikaja kusoma habari za Sabaya wa Machame na mikono yake, nikakaa nazo. Kisha siku moja sokoni nilimsaidia mama muuza samaki kutoa barafu kwenye friza lake, nikaishikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa. Vidole vilinata, na nilichokisikia kilikuwa moto, moto kabisa, mpaka nikapiga kelele watu wakageuka.

Jioni ile nilikwenda kwake. Nilimkuta anapasua kuni. Nikamwambia, mzee, nimekuja kukuomba radhi, ulichosema kuhusu barafu ni kweli. Akaliweka shoka chini, akaninyooshea mkono wa kushoto. Vidole viwili, ncha zake ngumu na zimepauka, hazina hisia. Akasema, "Mwalimu, kata ya mbege nilikuwa nakupokea kwa mkono huu miaka yote ile. Ulinisahihisha tu. Hukuniuliza."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikauliza. Nikamwambia, basi na ile habari ya Mzungu, ya kumbeba toka Kibo hadi Horombo ukiimba?

Akacheka hadi akakaa kwenye gogo. "Kumbeba nilimbeba," akasema. "Kuimba ndiko niliongeza."